UZI: Mtoto hawezi kupanga matukio kwenye kusoma wala kuandika. Tatizo si "kwanza, kisha, hatimaye"

Chaki Nyeupe (mleta mada):

Wakuu salaam.

Uzi huu nauelekeza kwa walimu wa Kiswahili wa darasa la tano mpaka kidato cha kwanza, wale wenye watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na nne hivi. Wazazi nao wasiondoke, kuna mahali panawahusu. Ni mrefu, chukueni chai.

Mnaijua insha ya namna hii, kila mwalimu anayo kwenye rundo lake la madaftari:

"Siku hiyo tulienda Bagamoyo halafu tukaona bahari halafu tukala halafu gari likaharibika halafu tukarudi usiku halafu tulisikia kiu sana halafu mwalimu alikuwa ametuambia tubebe maji."

Wengi wetu tunamalizana nayo kirahisi. Tunapiga mstari mwekundu kwenye kila "halafu", tunaandika ubaoni orodha ya maneno ya mfuatano (kwanza, kisha, baadaye, punde, hatimaye), watoto wananakili. Wiki inayofuata insha inarudi: "Kwanza tulienda Bagamoyo. Kisha tukaona bahari. Baadaye tukala. Hatimaye gari likaharibika." Mtu ni yule yule, kavaa shati jipya.

Msimamo wangu ni huu: mfuatano hautokani na maneno ya mfuatano. Unatokana na sababu. Itazameni tena insha ile. Kuna kisa kizuri kimezikwa mle ndani: watoto waliambiwa wabebe maji, hawakubeba, gari likaharibika njiani, kiu ikawashika. Bahari na chakula ni vya kupita tu. Ila mwandishi kaweka onyo la mwalimu mwishoni kabisa, kwa sababu ndipo alipolikumbuka. Mtoto huyu hana shida ya msamiati. Hajajiuliza lipi lilizaa lipi.

Kwa hiyo kabla ya orodha yoyote ya viunganishi, nawapa maswali mawili ya kuuliza katikati ya kila sentensi mbili: "Bila hili, lile lingetokea?" na "Nikizibadilishia nafasi, kuna kinachoharibika?" Sentensi mbili zikibadilishana nafasi na msomaji asigundue, hapo bado hakuna kisa, kuna orodha ya vitu. Tukaona bahari, tukala. Tukala, tukaona bahari. Sawasawa tu. Lakini jaribu kuweka kiu kabla ya gari kuharibika uone kisa kinavyoyumba.

Sasa upande wa kusoma, ambao tunausahau kabisa. Mtoto anaamini kwamba mpangilio wa sentensi kwenye karatasi ndio mpangilio wa matukio. Andika hii ubaoni:

"Mama Neema alipofika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka. Alikaa juu ya begi lake akashika tama. Usiku uliopita alikuwa ametega saa ya kumwamsha, lakini mjukuu wake aliichezea akaizima."

Uliza: kipi kilitangulia kutokea? Darasa zima litakuambia "Mama Neema alifika stendi." Usiwasahihishe. Waambie wachore mstari mmoja mrefu kwenye daftari, kushoto zamani, kulia sasa, kisha kila tukio walipachike mahali pake. Kutega saa, mjukuu kuizima, basi kuondoka, mama kufika, mama kukaa. Wakimaliza, waambie wapige mstari chini ya maneno yaliyowaonyesha njia: *lilikuwa limeshaondoka*, *alikuwa ametega*. Hapo watagundua wenyewe kwamba habari ilianzia katikati, na kwamba mwandishi kawaachia alama za kurudi nyuma.

Lugha yetu imetupa vifaa vya ajabu kwa kazi hii na tunavifundisha kama sarufi kavu ya kujaza nafasi. Mimi navifundisha kwa kazi vinayofanya ndani ya kisa:

"-ka-" inasukuma mbele. *Alifungua mlango, akaingia, akawasha taa.* Kila "-ka-" ni hatua moja mbele, huwezi kuzichanganya.

"-ki-" na "huku" vinaweka mambo mawili sambamba. *Aliingia akilia.* *Alikula huku anasoma ujumbe.*

"Alikuwa ame-" inarudi nyuma.

Na "kabla haja-", hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inataja tukio la pili kwanza: *Kabla mvua haijanyesha, tulianua nguo.* Mtoto akiisoma haraka anasema mvua ilitangulia. Na nyie wakubwa hapa jukwaani kuna waliosita kidogo, msinidanganye.

Nikisomesha hivyo vinne vizuri, "hatimaye" inakuja yenyewe wala siipigii debe.

Mwisho nizungumzie mdomo. Kuna mwalimu atasema watoto hawa hawana akili ya mpangilio. Hapana. Jumatatu baada ya mechi ya Simba na Yanga, mchukue yule ambaye daftari lake la insha limejaa wino mwekundu, mwambie akusimulie mechi. Ataanza na goli. Kisha atarudi nyuma: "Ilianzia kwa beki, kapiga pasi fupi, winga akaunasa..." Atakuambia kocha alikuwa amemtoa nani muda mfupi kabla ya hapo, na kwamba bila mabadiliko yale goli lisingepatikana. Tukio kuu analo, kilichotangulia anacho, sababu anazo, hata kisengerenyuma (kurudi nyuma ndani ya kisa) anacho, na jina lake tutamfundisha mbele huko.

Kinachompotea akishika kalamu ni msikilizaji. Kwenye kusimulia, wenzake wanamkatiza: nani huyo? ilikuwaje mpaka akabaki peke yake? Daftari halimkatizi mtu. Kwa hiyo nawaweka wawili wawili. Mmoja anasoma insha yake kwa sauti, mwenzake anaruhusiwa kumkatiza kwa maneno matatu tu: "Nani?", "Kabla ya hapo?", "Kwa nini?" Kila akikatizwa, anaweka alama ya penseli hapo hapo. Akimaliza anarudi kwenye alama zake kujaza. Kazi ya kusahihisha inapungua nusu kabla daftari halijafika mezani kwako.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tukosoane.

---

Dengu Mbichi:

Mkuu umeandika vizuri ila tuwe wakweli. Mtihani wa darasa la saba unampa mtoto sentensi nne zilizovurugwa, azipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Basi. Hakuna anayemwomba aandike habari za Bagamoyo. Fundisha mbinu za kujibu swali, maisha yaende. Mwalimu anapimwa kwa matokeo.

---

Chaki Nyeupe:

@Dengu Mbichi sikatai, na tuchukue swali hilo hilo. Hizi hapa nimezitunga sasa hivi:

1. Ndipo alipogundua kuwa pesa hazimo.
2. Asha alitumwa na mama yake kununua sukari.
3. Alirudi kwa njia ile ile huku akiangaza chini.
4. Alipofika dukani kwa Mangi, aliingiza mkono mfukoni.

"Mbinu za kujibu" zinazofundishwa kule twisheni ni: tafuta sentensi ya kwanza, tafuta ya mwisho, za katikati bahatisha. Mimi nafundisha kinyume chake. Tafuta sentensi ambayo *haiwezi* kuanza, na useme kwa nini.

"Ndipo" haiwezi kuanza, inategemea jambo lililotangulia. "Njia ile ile", ipi? Lazima kuwe na safari ya kwenda kwanza. "Alipofika", nani? Kiambishi "a-" kinamtafuta mwenye jina. Aliyebaki ni Asha, yeye ndiye A. Kisha: mkono mfukoni unazaa kugundua, kugundua kunazaa kurudi. Nne ni B, moja ni C, tatu ni D. Hakuna kubahatisha hata mara moja, na muda uliotumika ni ule ule.

Tena kwa kuwa Kiswahili hakina neno kama "the" ya Kiingereza la kuonyesha "yule tuliyekwisha mtaja", viashiria vinabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. *Mzee mmoja* anaingia kwenye kisa. *Mzee huyo* alikwisha kuingia. Mtoto akilishika hili moja tu, maswali ya kupanga sentensi yanakuwa chakula chake.

Halafu kumbuka mtoto huyo huyo Januari anaingia kidato cha kwanza, anaambiwa aandike insha ya ukurasa mzima. Sentensi nne za mtu mwingine kashazoea kuzipanga. Zake mwenyewe hajawahi.

---

Mkunazini:

Assalaam aleikum. Mimi nasomesha Unguja. Kuna jambo kwenye hiyo "-ka-" nyinyi wa bara huenda halikusumbueni kama linavyotusumbua sisi.

Huku mtoto akisema "Baba kaja" maana yake baba amekuja, yupo. Hakuna mfuatano wowote hapo. Sasa akiandika insha: "Mwizi kaingia ndani kachukua tivii kakimbia," mimi msahihishaji sijui. Je, ni *akaingia, akachukua, akakimbia*, yaani kisa kinakwenda mbele? Au ni *ameingia, amechukua, amekimbia*, yaani mtu anatoa taarifa ya lililokwisha kutokea? Mdomoni sauti na uso vinamaliza kila kitu. Karatasini havimo.

Sipendi kumwambia mtoto kwamba "kaja" ni kosa, kwa sababu si kosa, ndivyo bibi yake anavyosema na bibi yake anakijua Kiswahili kuliko sote humu. Namwambia: kwenye mazungumzo ya wahusika, ndani ya alama za kunukuu, mwache mtu aseme "Mwizi kakimbia!" Ukisimulia wewe, weka "a-" yake: *akakimbia*. Baada ya hapo wanafurahi kweli, maana mazungumzo yao yanakuwa na ladha ya mtaani na masimulizi yao yananyooka.

---

Chaki Nyeupe:

Wa aleikum salaam mwalimu. Hilo la alama za kunukuu nalichukua kama lilivyo. Na usidhani huku hatuna, Dar mitaani ni "kaja, kasema, kaondoka" mwanzo mwisho.

---

Mwalimu wa Gredi ya Nane:

Hamjambo walimu wenzangu. Niko Kenya. Sisi tatizo letu ni tofauti kidogo, wanafunzi wetu wanaandika insha ndefu ajabu, na mpangilio wake hauna dosari. Shida ni kwamba tukio lenyewe halifiki.

Mnaijua ile: "Nilirauka asubuhi na mapema. Jua lilikuwa limechomoza kutoka matlai na ndege walikuwa wakiimba nyimbo nzuri. Nilipiga mswaki, nikaoga, nikastaftahi kwa chai na mkate, nikavaa sare yangu iliyopigwa pasi ikanyooka..." Ukurasa wa kwanza umeisha na mada ilikuwa ajali ya moto sokoni! Kila hatua iko mahali pake. Hakuna hata moja inayosababisha nyingine.

Enzi za KCPE, mtihani wetu wa kumaliza darasa la nane, kabla ya mtihani huo kufanywa kwa mara ya mwisho 2023, mtahiniwa alikuwa na dakika 40 za insha. Walimu tukawafundisha watoto utangulizi wa kukariri ili wasikae bure. Sasa tuna Gredi ya 7, 8 na 9 na mtaala wa umilisi, lakini jua la matlai bado linachomoza.

Jaribio langu: insha ya mdokezo, ile ya kumalizia kwa maneno uliyopewa. Tuseme mwisho ni "...nilishusha pumzi nilipoona mlango ukifunguka." Nawakataza kuanza mwanzo. Tunaanza mwishoni na kurudi kinyumenyume. Mlango unafunguka: ulifungwa na nani? Kwa nini ulikuwa ndani? Uliingiaje? Nani alijua uko humo? Kila jibu linaandikwa kwenye kikaratasi. Vikifika vitano sita, tunavigeuza na kuandika kuanzia cha mwisho. Mswaki na chai havipati nafasi, kwa sababu hakuna swali hata moja linalojibiwa na mswaki.

---

Dengu Mbichi:

"Hakuna swali linalojibiwa na mswaki" 😂😂 Hii naiandika ukutani staff room.

---

Kalenda ya Jana:

Mimi ni mwalimu wa Historia, nimepita tu, lakini mleta mada kanigusa kwenye sababu. Sisi tunaambiwa watoto hawakumbuki tarehe. Kukumbuka si kazi kubwa, kazi ni kuona kwa nini hili haliwezi kuwa kabla ya lile.

Nina kadi za manila, bila tarehe yoyote: Tanganyika yapata uhuru. Zanzibar yapata uhuru. Mapinduzi ya Zanzibar. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina "Tanzania" laanza kutumika. Nawapa kundi wazipange na kila kadi waitetee.

Ya kwanza kwa kawaida haina ubishi. Vurugu iko katikati. Wapo wanaoweka Mapinduzi kabla ya uhuru wa Zanzibar, kwa sababu kichwani mwao Mapinduzi *ndiyo* uhuru. Nawauliza: waliopinduliwa walikuwa nani? Mwingereza? Hapo wanakwama, wanafungua kitabu. Uhuru wa Zanzibar ni 10 Desemba 1963, Mapinduzi ni 12 Januari 1964. Serikali iliyopinduliwa ilikuwa na uhuru wa mwezi mmoja na ushee tu. Mtoto akiliona hilo mwenyewe halisahau, maana sasa tarehe ina maana ndani yake.

Kadi ya jina nayo ni mtego wa makusudi. Kila kundi linaibandika pamoja na kadi ya Muungano, yaani 26 Aprili 1964. Kumbe nchi ilianza kwa kuitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina Tanzania likaja Oktoba mwaka huo huo. Nawaambia: matukio mawili yanayohusiana si lazima yawe ya siku moja. Kisha ndipo nagawa tarehe. Ukigawa tarehe mapema wanapanga namba, hawapangi matukio.

Baada ya hapo wanaandika aya moja, na nimewakataza neno moja tu: "pia".

---

Kisima cha Shule:

Mazuri haya yote ila mna watoto wangapi darasani? Mimi nina zaidi ya mia moja kwenye chumba kimoja, dawati moja wanakaa wanne. Vikaratasi, kadi za manila, wawili wawili wasome kwa sauti... hizo kelele mkuu wa shule atanifuata na fimbo.

---

Chaki Nyeupe:

@Kisima cha Shule swali la haki. Msongamano nimo nao, si mia ila si mbali.

Manila moja ikatwe vipande sita vipana, sentensi ziandikwe kwa maandishi makubwa. Unahitaji watoto sita mbele, si mia. Kila mmoja ashike sentensi yake kifuani. Waliokaa ndio wanaohamisha: mtoto ananyoosha mkono, anasema "namba tatu asimame baada ya namba tano, *kwa sababu*..." Asiye na "kwa sababu" hahamishi mtu. Darasa zima linafanya kazi na anayesema ni mmoja kwa wakati. Manila hakuna? Ubavu wa boksi la sabuni unatosha, na mkaa unaandika.

Kelele za wawili wawili zipunguze hivi: badala ya kusoma kwa sauti, wabadilishane madaftari. Msomaji haandiki kitu ila herufi pembeni: N kwa "nani?", K kwa "kabla ya hapo?", S kwa "sababu?" Kimya kabisa, na wewe unapita katikati ukitazama herufi zimejaa wapi.

Kusahihisha zote mia siwezi na sijifanyi naweza. Nachukua za safu moja kwa wiki.

---

Mama Watatu:

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Mmesema kuna mahali panatuhusu sijapaona, ila nina shauri. Mwanangu wa darasa la sita kaleta karatasi ya jaribio la shuleni kwao. Sentensi zilikuwa: Wanafunzi walifika shuleni mapema. Walimwagilia maua. Walifagia darasa. Mwalimu wa zamu aliwapongeza.

Yeye kaanza na kufika, akaweka kumwagilia, kufagia, kupongezwa. Kakosa zote mbili za katikati. Majibu yanataka kufagia ndiko kuanze. Kaniuliza "mama, kwa nini?" nikakosa la kumjibu.

---

Chaki Nyeupe:

Mama Watatu, mwanao yuko sahihi, na mtunzi naye jibu lake linawezekana. Tatizo ni swali. Pima kwa lile jaribio la kubadilisha nafasi: fagia kisha mwagilia, mwagilia kisha fagia, hakuna kinachoharibika. Hakuna neno hata moja mle linalofunga moja kwa mwenzake. Mtunzi kapanga kwa mazoea ya shule yake, na mtoto hawezi kusoma mazoea ya mtu.

Dawa yake ni maneno mawili tu. "*Walipomaliza kufagia*, walimwagilia maua," na sentensi ya kabla yake, "Walianza na darasa lao." Hapo jibu ni moja na linatetewa kwa ushahidi uliomo kwenye karatasi. Walimu tunaotunga mitihani ya ndani, kabla ya kudurufu mpe mwenzako azipange bila majibu. Mkitofautiana, swali lirudi jikoni.

Ile sehemu inayowahusu wazazi ndiyo hii uliyoifanya: mtoto kaulizia "kwa nini", hukumwambia "mwalimu kasema". Akirudi leo kukusimulia ya shule, mkatize kwa "kabla ya hapo?" akisimulia. Na hiyo karatasi mpe arudi nayo kesho, aende kwa adabu, amwulize mwalimu wake: "Mwalimu, naomba nionyeshwe ni neno gani linaloonyesha kufagia kulitangulia?"

---

Mama Watatu:

Kamwuliza. Mwalimu kaisoma mara mbili, kacheka, kawaongezea maksi darasa zima. Sasa nyumbani hakukaliki, kila nikisimulia kitu ananikatiza "kabla ya hapo?"